Umehamia Nyumba Mpya: Matumizi ya Siku, Bahasha au Simu?

Tulipohama Mwananyamala kwenda Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, hesabu yetu ilikuwa fupi. Kodi inashuka kutoka Sh 250,000 kwa mwezi hadi Sh 180,000, kwa hiyo kila mwezi tunabaki na Sh 70,000. Hizo hela tulikuwa tumeshazipangia kazi kabla hata hatujafunga magodoro kwenye kirikuu.

Nauli ndiyo iliyotuamsha. Mwananyamala kila mmoja wetu alipanda daladala moja ya Sh 600 kwenda kazini na nyingine kama hiyo kurudi. Kibamba ikawa magari mawili, Sh 800 na Sh 600, yaani Sh 2,800 kwa siku badala ya Sh 1,200. Ongezeko la Sh 1,600, watu wawili, siku 24 za kazi: Sh 76,800. Punguzo lote la kodi liliishia barabarani na tukaongeza Sh 6,800 juu yake, hapo hatujagusa chakula.

Naandika haya kwa sababu naona watu wengi wanahama na bajeti ya nyumba ya zamani, kisha mwezi wa pili wanaanza kutuhumiana ndani kwamba kuna mtu anatapanya. Mara nyingi hakuna aliyetapanya. Nyumba mpya imebadilisha njia ambazo hela inapitia kutoka, na tarehe zake. Kule maji yalikuwa ndani ya kodi. Hapa kuna bili ya mwezi, au madumu, au boza la kujaza simtank. Kule umeme mlichangia na wapangaji wenzenu. Hapa mita ni yenu peke yenu. Kuna hela ya taka, kuna ulinzi shirikishi, kuna bodaboda ya usiku kutoka stendi. Vyote vidogovidogo, na kila kimoja kina siku yake ya kubisha hodi.

Umeme nauelezea kwa kirefu kidogo kwa sababu ndio unaochanganya wengi. LUKU yangu ya kwanza pale, yaani umeme wa kulipia kabla, ilikuwa ya Sh 10,000, zikaja uniti 7. Nilidhani nimekosea namba ya mita. Kuuliza nikaelewa: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inalipwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa Sh 1,500 kwa mwezi. Nyumba yetu ilikuwa imekaa tupu miezi mitano. Zikakatwa kwanza Sh 7,500, na Sh 2,500 zilizobaki ndizo zilizonunua umeme. Kodi hiyo ya jengo ni jukumu la mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji atunze ile meseji, aongee naye vizuri, ipunguzwe kwenye kodi ya pango inayofuata.

Jambo la pili ni kuulizia mita iko kundi gani. Kwa bei zilizoanza 2016, mita ya matumizi madogo, yaani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hupata uniti hizo 75 kwa Sh 9,150 pamoja na makato yake ya kawaida. Mita nyingine ya nyumbani, kwa hela hiyohiyo, haifikishi hata uniti 26. Ukitoka mita ya kwanza ukaingia ya pili, umeme umepanda karibu mara tatu na hujaongeza hata balbu.

Mwezi wa kwanza usiuamini

Njia za kuendesha hela ya nyumba ninazozilinganisha hapa ni tatu: matumizi ya siku, bahasha, na simu. Kabla hujachagua yoyote kati ya hizo, jipe muda. Mwezi wa kuhamia hauna sura ya maisha yenu. Unanunua kitasa, fimbo za pazia, ndoo mbili, unamlipa fundi bomba, unamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Ukipanga bajeti kwa kuangalia mwezi huo utaogopa bure. Ukiupuuza kabisa nao utajidanganya, maana ndani yake mna nauli na maji ambayo yatabaki.

Sisi tulitenga ukurasa mmoja wa daftari kwa vitu vya kuhamia tu, na kurasa nyingine kwa kila kitu kingine. Wiki ya tano ndipo tulipoanza kuhesabu kweli. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu unajua mtungi wa gesi wa kilo 15 unakaa siku ngapi kwenye nyumba hiyo, unajua maji yanakatika siku gani, unajua genge la karibu linauza nyanya bei gani na la stendi bei gani. Hapo sasa chagua njia ya kuendesha hela.

Vigezo ninavyotumia kulinganisha

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo manne. Kwanza, inaendana na jinsi mapato yanavyoingia? Anayeshika hela kila jioni hafanani na anayesubiri tarehe 28. Pili, inakuonyesha nyumba mpya inavujia wapi? Tatu, inabeba mizigo mikubwa, hasa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mahitaji ya shule ya Januari? Nne, inaleta amani ndani, au kila jioni ni maswali?

Matumizi ya siku

Hii ndiyo njia iliyolea wengi wetu. Asubuhi baba au mama anaacha hela mezani, tuseme Sh 15,000, na nyumba inaenda nayo mpaka kesho.

Mapato. Kwa dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, mama lishe au muuza mitumba, njia hii imekaa mahali pake. Hela inaingia kwa siku na inatoka kwa siku. Wanaoibeza husahau kwamba kwa njia hii huwezi kula hela ambayo hujaipata, na siku mbaya inaishia siku hiyohiyo.

Kuvuja. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo, na kuhama kunauongeza. Anayepewa ya siku hununua vya siku: mafuta ya kupima, mchele nusu kilo, sabuni kipande. Ukipiga hesabu ya kilo au lita, vipimo hivyo vidogo ni ghali kuliko mfuko au dumu. Mwananyamala tulikuwa na maduka manne ndani ya hatua mia, yanashindana. Kibamba tulikuta duka moja la Mangi karibu, na bei ni anayoitaka yeye. Kiasi kilekile cha Sh 15,000 kikawa kinaisha saa nane mchana, na tofauti ikaanza kuandikwa kwenye daftari lake la madeni. Deni hilo haliko mezani, kwa hiyo hulioni. Unaliona mwisho wa mwezi likiwa limeshakomaa.

Mizigo mikubwa. Matumizi ya siku peke yake hayalipi kodi ya miezi sita. Lakini yakishikana mkono na kibubu au mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, yanaweza. Kodi yetu ya Sh 180,000 mara miezi sita ni Sh 1,080,000. Ukiigawa kwa siku 180 ni Sh 6,000 kwa siku. Mtu anayepata kwa siku akimkabidhi kijumbe, yaani mkusanyaji wa mchezo, 6,000 kila jioni kabla hajafika nyumbani, kodi inalipika. Angalizo: zamu yako ya kupokea iwe kabla ya tarehe ya kodi, na kijumbe awe mtu unayemjua. Ukihama, usikimbilie mchezo wa mtaa mpya wiki ya pili. Baki na wa zamani mpaka uwafahamu majirani.

Amani. Inategemea sana. Kuna nyumba ambazo anayepokea ana uhuru kamili na kinachobaki ni chake, na akina mama wengi wamenunua viwanja kwa hicho kinachobaki. Kuna nyumba nyingine kila asubuhi ni kuomba, na mtoto akisema kalamu imeisha, maneno yanaanza. Ukihama, kiasi cha siku lazima kijadiliwe upya kwa uwazi, kwa bei za genge jipya. Kuacha kiasi cha zamani kwenye nyumba mpya ni kumwonea mwenzako.

Bahasha

Mshahara ukiingia unatoa hela mara moja, unaigawa kwenye bahasha zenye majina: chakula, nauli, LUKU na maji, gesi, shule, dharura. Wengine hutumia makopo au pochi za zipu.

Mapato. Inawafaa wanaopokea kwa mwezi au wiki mbili, na wenye biashara ambayo faida yake inahesabiwa kwa wiki. Anayepata kwa siku anaweza kugawa kila Jumapili, ila wiki ikiwa mbaya bahasha za mwisho hubaki karatasi tupu.

Kuvuja. Kwa nyumba mpya sijaona njia inayosema ukweli haraka kama hii, kwa sababu unaushika mkononi. Mwezi wa pili Kibamba bahasha ya nauli iliisha tarehe 19. Hatukuhitaji kikao kujua tatizo liko wapi. Ndani ya bahasha ya gesi nikakuta kipande cha karatasi kwa mwandiko wa baba watoto: "Nimekopa 10,000, nauli." Kile kikaratasi ndicho kilichotufanya tukae chini. Tuliongeza bahasha ya nauli, tukapunguza ya chakula kwa kununua mchele na maharage kwa mkupuo sokoni Tandale badala ya kwa Mangi, na baba watoto akaanza kutoka nusu saa mapema ili atembee hadi stendi badala ya bodaboda ya asubuhi. Hayo yote yalitoka kwenye bahasha moja iliyoisha kabla ya wakati. Sheria yetu tangu siku hiyo: kukopa bahasha nyingine ruksa, ila uache karatasi.

Mizigo mikubwa. Inaweza, lakini sishauri kukusanya kodi ya miezi sita kwenye bahasha. Nyumba mpya ina mafundi wanaoingia na kutoka, funguo hujui wangapi wanazo mpaka ubadilishe vitasa, na mchwa wa maeneo yanayojengwa upya hawachagui karatasi. Bahasha zibebe hela ya mwezi huo tu.

Amani. Nzuri, kwa sharti kwamba wote wanazijua ziliko na wote wanaruhusiwa kuzigusa. Bahasha zikifungiwa na mtu mmoja, mmerudi kwenye matumizi ya siku kwa jina lingine. Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea: watoto wakubwa wanaona. Binti yetu wa darasa la sita ndiye anayetutangazia sasa kwamba bahasha ya LUKU imebaki na elfu nne.

Simu na benki

Hapa hela haiguswi mpaka inapotumika. Mshahara unaingia benki, kodi inahamia kwenye akaunti ya akiba siku hiyohiyo, matumizi yanakwenda kwenye laini moja ya simu, biashara kwenye laini nyingine. LUKU unanunua kwenye simu, maji unalipa kwa kumbukumbu namba, dukani unalipa kwa lipa namba.

Mapato. Inafaa karibu kila aina ya kipato kinachoingia kwa njia ya simu au benki. Inang'ara zaidi pale mtumaji na mtumiaji hawakai pamoja. Mume yuko mgodini Geita, au mke yuko Muscat kwa mkataba, na nyumba iko Dar es Salaam: hapo hakuna bahasha ya kushikana. Mwenye kutuma anaweza kulipa LUKU na maji mwenyewe akiwa huko, na hela ya chakula pekee ndiyo ikatumwa.

Kuvuja. Meseji hazibishani na mtu. Fungua meseji za LUKU za miezi mitatu, jumlisha, na una jibu la umeme hadi shilingi ya mwisho. Lakini njia hii ina upofu wake. Konda anataka hela taslimu, genge hali kadhalika, na maeneo ya pembezoni wenye lipa namba si wengi kama mjini. Matokeo yake ni kutoa Sh 5,000 leo, Sh 10,000 kesho, na kila unapotoa kuna makato. Mwisho wa mwezi taarifa inasema "umetoa" mara kumi na nne na haisemi ulinunua nini. Ukiitumia, toa hela ya wiki nzima mara moja.

Mizigo mikubwa. Hapa haina mpinzani kati ya hizi tatu. Kodi ikikaa akaunti ambayo haina kadi mkononi wala haijaunganishwa na simu, inakaa. Kwa mshahara wa mwezi ni kuhamisha Sh 180,000 kila tarehe ya mshahara, na miezi sita ikifika mwenye nyumba anapewa zake bila kukopa. Hatari iko kwenye laini ya matumizi yenyewe, ambako mkopo wa papo hapo unapatikana kwa kubonyeza mara mbili tatu. Mwezi wa pili baada ya kuhama ndio mwezi wenye kishawishi kikubwa, na makato ya mkopo huo hukutana na mshahara wa mwezi wa tatu mlangoni.

Amani. Namba ya siri ni ya mtu mmoja, na hapo ndipo mashaka yanapozaliwa. Nyumba zinazofanikiwa nayo nilizoziona zina desturi moja: Jumapili jioni simu zinawekwa mezani na meseji zinasomwa kwa pamoja, dakika kumi tu. Bila desturi hiyo, anayekaa nyumbani haoni kitu, na asiyeona hawezi kusaidia kubana.

Nani achukue ipi

Ukipata kwa siku na umehamia mbali na eneo lako la kazi, bakia na matumizi ya siku, ila yafanye yawe sehemu mbili: ya mezani na ya kijumbe. Ya kijumbe itoke kwanza. Na jaribu kununua kitu kimoja tu kwa mkupuo kila mwezi, mchele au mafuta, ambacho ukikitoa kwenye manunuzi ya siku kinapunguza kile kiasi cha mezani.

Wote wawili mmeajiriwa na mna watoto shuleni: mchanganyiko. Kodi na shule benki, nauli na chakula na gesi kwenye bahasha. Ndivyo tunavyoishi sisi sasa, na sisemi kwamba kila nyumba iishi hivyo. Dada yangu alijaribu bahasha wiki tatu akachoka kabisa, akarudi kwenye simu, na nyumba yake inaenda vizuri.

Unakaa peke yako, chumba chako cha kwanza baada ya kutoka kwa wazazi? Simu inakutosha, mradi kodi ikae nje ya simu. Usijisumbue na bahasha nane. Wewe kinachokumaliza ni chakula cha kununua, kwa hiyo kipe laini yake peke yake na uone kinaishia wapi.

Mmoja yuko mbali na anatuma: simu kwa bili, na aliyebaki nyumbani awe na bahasha mbili au tatu za taslimu. Mpangilio huo unamwondolea aliye mbali wasiwasi na unamwachia aliye nyumbani mamlaka ya jiko lake.

Kundi la mwisho lina shida yake ya kipekee, nalo ni wale waliohamia kwenye nyumba yao wenyewe ambayo haijaisha. Umechoka kupanga nyumba za watu, umepaua, umeweka madirisha mawili na mlango mmoja, mmehamia hivyohivyo. Ni hatua kubwa na nawapongeza kwa moyo wote. Lakini sentensi "sasa hatulipi kodi" ndiyo inayowaumiza. Kodi imeondoka, na mahali pake ameingia fundi, naye hana tarehe. Leo mifuko minne ya saruji, Alhamisi nondo, Jumamosi fundi anasema plasta ya chumba cha watoto haiwezi kusubiri. Nyumba inakula chakula cha waliomo ndani.

Kwenu njia yoyote kati ya tatu inafaa, mradi ujenzi uwe na mfuko wake ambao haukopi kutoka mingine. Kama mlikuwa mnalipa Sh 180,000 ya kodi, endeleeni kuitoa kila mwezi kana kwamba mwenye nyumba bado anadai. Tuseme Sh 120,000 iende kwenye ujenzi na Sh 60,000 ikae kwa ajili ya yale ambayo zamani yalikuwa ya mwenye nyumba: pampu ikiungua, shimo la choo likijaa, kodi ya jengo ambayo sasa ni yenu. Fundi akija na orodha inayozidi kilichopo, mwonyesheni mfuko, mwambieni tutaonana tarehe ya mshahara. Plasta ya chumba cha watoto itasubiri wiki tatu. Ada yao ya Januari haisubiri.